Vyula Wasio na Urimi

"Navalayo, fungua mlango!"

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni mwa jasusi Navalayo.

Alikuwa amejifungia ndani ya ghala la chuma ukingoni mwa msitu, Shinyalu. Dirisha hakuna. Bastola yake ya Glock tupu. Nje walikuwa Sylvanus, dalali wa genge la ng'ambo, na mlinzi wake mwenye bunduki.

Panya na mtego!

Miguuni pake kulikuwa na ndoo ya vyura wawili, dume na jike, wa mwisho wa aina yao. Wanasayansi walikuwa hawajawapa jina bado. Walijua familia yao tu, ya kale mno, iliyoogelea duniani dinosaria wakiwapo. Wakivushwa mpakani leo, basi tena.

"Ni mimi Phanuel," redio ikasema. "Tumewashika wote. Toka na hao vyura."

Moyo ulimruka kwa furaha. Phanuel, mwenzake wa siku zote! Mkono ukashika komeo.

Ukasita.

Vyura? Phanuel, mzaliwa wa Khayega, hajasema vyura tangu azaliwe. Yeye ni vyula, r na l zikibadilishana nafasi mdomoni mwake. Mkubwa wao Nairobi amemcheka hadi akachoka.

"Phanuel, kwani hawa ni wa familia gani? Nimesahau."

"Pipidae. Vyura wasio na ulimi. Fungua haraka!"

Sayansi ilikuwa sawa, na sauti ni ya Phanuel kabisa. Lakini ulimi! Ulinyooka mno. Lo, Sylvanus huyo, fundi wa kuiga watu! Na kama ameshika redio ya Phanuel, Phanuel yuko hai?

Ukutani ulining'inia mtungi wa kuzimia moto. Akauchomoa.

"Naja. Sogeeni mnisaidie kubeba."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka.

Pshhhh!

Unga mweupe uliwajaa machoni. Mtungi ukamshukia mlinzi kichwani, bunduki ikahamia kwa Navalayo.

"Lala chini, Sylvanus!"

Akalala. Pingu zikalia.

Phanuel alikuwa kwenye buti la gari lao, Probox, kafungwa kamba, kazibwa mdomo. Navalayo alimtoa kitambaa mdomoni.

"Vyula wako sarama?"

Navalayo alicheka huku machozi yakimtoka.

"Wako salama, ndugu yangu."

"Nirimsikia akijiita mimi. Urijuaje, dada?"

"Ulimi."

"Urimi wangu uko na shida gani?"

"Hauna. Usiwahi kuurekebisha."

Navalayo akamfungua kamba, akamwachia bunduki awalinde wale wawili, akabeba ndoo yake, akatembea polepole kuelekea barabarani kutafuta bodaboda.