Kidole Kitupu cha Onesmo

"Pete iko wapi, Onesmo?"

Onesmo alikuwa amechuchumaa kando ya kishimo, chekeche mkononi, uso umejaa vumbi jekundu. Akainua macho. Nyangi huyo hapo juu ya tuta, viatu vya kanisani vimezama kwenye udongo, na bodaboda aliyemleta kutoka Bunda anajipepea kwa kofia.

"Nyangi? Umefikaje huku?"

"Nimeuliza pete, sijauliza njia."

Wenzake wakaacha majembe. Kazi ya kutafuta dhahabu kwenye vilima vya nyuma ya Butiama haina raha. Kutwa mnakwenda kwa mstari, mnachimba vishimo, mnachekecha udongo, mnaufunga kwenye mifuko, mifuko inakwenda maabara Mwanza. Kilichomo hamkioni. Sasa mwanamke akija kugomba, hiyo ni sinema ya bure.

"Shemeji, mpige na huo mkoba!" mmoja akapaza sauti.

"Isaya, nyamaza!" Onesmo akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Pete iko kambini, kwenye begi. Huku hatuvaagi dhahabu, ni sheria. Ukichekecha na pete, mchanga unaikwangua, unga wake unaingia kwenye sampuli. Maabara wakipima wanaona dhahabu ambayo haipo."

Nyangi akacheka kicheko kikavu. Yeye ni fundi cherehani pale Nyasura, mjini Bunda. Wanaume amewashonea suruali za kutosha, na uongo wao anaujua mpaka kwenye upindo.

"Kapete kangu kale kanaweza kudanganya maabara nzima ya Mwanza?"

"Kabisa."

"Na huyo Lilian aliyekuweka kwenye status yake, bega kwa bega, kidole kitupu kama bachela? Naye ni sampuli?"

"Lilian ni bosi! Ndiye mjiolojia wetu. Alipiga picha timu nzima."

"Timu nzima ameikata, umebaki wewe."

Vijana wakaangua kicheko. Isaya akakaa chini kabisa.

"Sikiliza, Onesmo. Ile pete nimeinunua kwa kushona sare za shule mpaka macho yakawa mekundu. Ulisema huna hela, nikasema sawa, mapenzi hayana mwenye hela. Kesho ukiwa kazini nipigie video. Nikikuta kidole kitupu, usinitafute. Na kwa baba yangu usikanyage."

Akageuka, akapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa anatetemeka, na hakujua kama ni hasira au ni mashimo ya barabara.

Kesho yake simu ikaita. Video. Onesmo kanuna, kainua mkono mbele ya uso. Pete inawaka juani, na nyuma yake shamba la mihogo ambalo Nyangi amelipalilia tangu utotoni.

"Umefurahi?"

"Hapo uko shambani kwa baba?"

"Ndiyo. Leo mstari wetu unapita kwa Mzee Keraryo. Umefurahi au hujafurahi?"

"Sasa ndiyo nakuona mchumba wangu."

Onesmo akakata bila kuaga. Nyangi akaona sawa tu, mwanaume akinuna maana yake amekubali yaishe.

Mihogo ilikuwa imeongeza majani kidogo tu tangu siku ile ya video, pale Mzee Keraryo alipompigia binti yake. Mzee huyu hupiga simu kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Nyangi! Njoo nyumbani! Tumetoboa!"

"Tumetoboa nini, baba?"

"Dhahabu! Shambani kwetu! Yule mama mjiolojia amekuja mwenyewe. Wanataka kuleta mashine ya kuchoronga mwamba katikati ya mihogo. Mwenye shamba atalipwa fidia, na mwenye shamba ni nani?"

"Ni wewe, baba!" Nyangi akapiga vigelegele, wateja wakageuka. "Onesmo atafurahi!"

"Onesmo gani?"

"Baba?"

"Yule kijana wa wavuvi wa Kisorya? Achana naye. Kuna mtu wa maana amekuja hapa, Clementi, ana maduka Musoma. Jumamosi analeta ng'ombe."

"Baba, posa ya Onesmo ulishaipokea!"

"Nilipokea maneno. Ng'ombe sikuona."

Simu ikakatika. Nyangi akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedeli bila kujua anashona nini. Mguu wa suruali ya mteja ukafungika wote, juu mpaka chini. Akawa anafumua uzi, anawaza. Dhahabu shambani kwao. Miaka yote babu zake wamelima pale, hawakuwahi kuona hata chembe. Imetoka wapi ghafla?

Mkono ukasimama kwenye uzi. Akaichukua simu.

"Onesmo. Ile siku ulinipigia video shambani kwetu. Ulivua pete baadaye?"

Akasikia Onesmo anakohoa.

"Ongea."

"Sikuvua. Nilikuwa na hasira. Nikasema kama anataka pete, ngoja apate pete. Nimechekecha nayo kutwa."

"Mungu wangu. Kwa hiyo hiyo dhahabu..."

"Isaya alipita pembeni yangu pale pale, mifuko yake haina kitu. Yangu tu ndiyo imeonyesha. Lilian anakuna kichwa, hajajua bado."

"Mwambie!"

"Nikimwambia nafukuzwa siku hiyo hiyo. Bila kazi, ng'ombe za baba yako nazitoa ziwani? Nyangi, niapie hutasema."

"Na Jumamosi?"

"Nipe muda nifikirie."

"Fikiria haraka. Clementi hafikiriagi, anapakia ng'ombe kwenye lori."

Aliapa. Roho ilikataa, mdomo ukaapa. Tangu hapo hakulala vizuri wala hakukaa vizuri. Alianza gauni akaliacha, akaanza jingine. Akifumba macho anaiona ile mikono kwenye udongo. Aliyesema ukweli alimwita mwongo, na sasa uongo umeota mizizi shambani kwao, nao ameupanda mwenyewe.

Jumamosi boma la Mzee Keraryo lilijaa. Clementi alikuja na shati jeupe na manukato yaliyowafukuza nzi. Ng'ombe wakashushwa. Shangazi Wankyo, dada yake mzee, akapita katikati yao kama kawaida ya ukoo, anawapapasa mbavu.

"Huyu kachoka. Huyu jicho moja halioni. Mkwe, umetuletea ng'ombe au wagonjwa?"

"Mama, nitabadilisha," Clementi akacheka. "Ng'ombe si tatizo. Mimi nataka tu tukimaliza hapa twende tukaandikishe shamba. Jina langu na la binti. Fidia isije ikaliwa na wajanja."

"Hiyo ni akili," mzee akasema. "Nyangi! Njoo. Umeona ng'ombe?"

"Simtaki, baba."

"Hujaulizwa unamtaka nani. Umeulizwa umeona ng'ombe."

Wazee wakacheka. Nyangi akaenda nyuma ya jiko, akamwandikia Onesmo.

"Wako kwenye ng'ombe. Niliapa, sisemi. Lakini nakufa Onesmo."

Jibu likaja neno moja.

"Nakuja."

Gari la kampuni lilipoingia, mzee akanyanyuka kwa furaha, akidhani mashine imefika. Akashuka Onesmo. Akashuka na Lilian, buti zake zimekakamaa kwa tope.

"Shikamoo, mzee. Shikamooni wazee wangu," Onesmo akasema. "Shambani kwako hakuna dhahabu. Nilichekecha udongo nikiwa na pete ya uchumba. Ile iliyopimwa Mwanza ni pete."

Shangazi Wankyo akaacha kupapasa mbavu. Hata ng'ombe waliacha kutafuna, au Nyangi aliona hivyo.

"Dada, huyu kalewa?" mzee akamuuliza Lilian.

"Hajalewa, mzee. Asubuhi amekuja mwenyewe kuniambia. Nimelinganisha mifuko yake na ya mwenzake, ni kweli. Mashine haiji. Na yeye nimemwachisha kazi kabla hatujatoka kambini." Akamgeukia Nyangi. "Wewe ndiye mwenye pete?"

"Ndiyo, dada."

Lilian akanyoosha mkono wake mtupu. "Mimi nimeolewa na nina watoto. Pete yangu iko kwenye droo tangu nianze kazi hii."

Nyangi alitamani ardhi ya baba yake, yenye dhahabu au isiyo nayo, immeze.

Clementi alikuwa anatazama shamba. "Kwa hiyo pale kuna nini?"

"Mihogo," Onesmo akasema.

"Mihogo tu?"

"Na mtama kule bondeni."

Clementi akampigia mluzi dereva wa lori.

"We mkwe!" Shangazi Wankyo akaita. "Unakwenda wapi? Na binti je?"

"Binti ni mzuri, mama, sikatai. Lakini binti bila shamba... tutaongea siku nyingine."

Mzee Keraryo alikuwa amekaa. Akanyanyuka polepole, fimbo mkononi.

"Umesema binti bila nini?"

"Mzee, usinielewe vibaya..."

"Toa ng'ombe zako hapa. Hata yule wa jicho moja. Mwanangu si kiambatanisho cha mihogo."

Lori lilipopotea kwenye vumbi, mzee akamgeukia Onesmo. Fimbo bado iko juu.

"Na wewe. Umenifanya tajiri, umenifanya maskini, yote bila kuniuliza."

"Baba, kosa ni langu," Nyangi akajitokeza. "Aliniambia sheria ya kazi, nikamwita mwongo. Nilimlazimisha kwa wivu."

"Kwa hiyo dhahabu yangu ilikuwa wivu wako?"

"Ndiyo, baba."

Shangazi Wankyo akajifunika kanga usoni, mabega yanacheza kwa kicheko.

"Kijana," mzee akasema, "ulijua ukifungua mdomo kazi imekwisha?"

"Nilijua."

"Ukaufungua kwa nini?"

"Ningenyamaza ningebaki na kazi, na Nyangi angekwenda Musoma. Ningefanya kazi kwa ajili ya nani?"

Mzee akamtazama sana. Fimbo ikashuka.

"Ng'ombe utaleta kidogo kidogo. Lakini utaleta. Na huyu Shangazi Wankyo atawakagua meno."

"Nitaleta, baba mkwe."

"Usiniite hivyo. Bado."

Nyangi akamfuata Onesmo kwenye kivuli cha ukuta. Hakujua aanze na lipi.

"Nisamehe. Hata ukinifokea ni haki yako."

"Nitakufokea. Lakini si leo, leo nimechoka." Akamshika mkono. "Siku nyingine nikisema kitu, uliza mara mbili kabla ya kupanda bodaboda."

"Nitauliza mara tatu."

Baada ya mavuno walifunga ndoa kanisani Bunda. Onesmo alikuwa amerudi kwao Kisorya kuvua, na ng'ombe wa kwanza alikwishafika, meno yote yamo. Kila kitu kilikuwa tayari ila baba wa bibi harusi. Nyangi alisimama mlangoni na shela, anakanyaga huku na huku, mpaka akamwona anakuja mbio, koti jipya, suruali imejaa udongo mwekundu mpaka magotini.

"Baba! Udongo gani huo siku ya leo?"

"Nilikuwa napalilia."

"Unapalilia na suti?"

"Palizi gani," Shangazi Wankyo akadakia. "Shimo la kwenye mihogo limemfika kiunoni. Anasema Onesmo amekuwa mwongo mara moja, anaweza kuwa alidanganya hata siku ile aliposema hakuna kitu."

"Baba, tumekwambia! Ilikuwa ni pete!"

Mzee akampa mkono binti yake. Kiganja kilikuwa kimeota malengelenge. Kinanda kikaanza, watu wakasimama.

"Sawa, ilikuwa pete," akanong'ona wakiingia. "Lakini mwambie mchungaji asirefushe. Jembe nimeliacha nje."