Kikaangio Ambacho Jokébed Hakukijaribu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jokébed alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamenya viazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Mama yake, Mama Adèle, alikuwa tayari ameinama juu ya makaa, akikaanga kuku na viazi vya kuuza kando ya barabara, pale Bulengera, mjini Butembo. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu walipokimbia vita vya Eringeti na kuliacha huko kaburi la baba.

Lakini moshi ulikuwa umeanza kumla mama kifua. Alikohoa hata kanisani wakati wa maombi, mpaka watu wakageuka kumtazama. Muuguzi wa kituo cha afya hakumficha. “Mama, ukiendelea kuinamia moshi huo, siku moja utaletwa hapa ukibebwa.”

Ndipo mama akaamua kununua kikaangio cha hewa, ile mashine ya umeme inayoivisha kuku kwa hewa ya moto, karibu bila mafuta. Watu wa mjini huiita friteuse tu. Kwa kuwa hakujua kusoma Kifaransa cha kwenye maboksi, alimtuma binti yake kulinganisha aina zilizokuwa madukani.

“Shika viazi hivi na vipande hivi vya kuku,” alimwambia. “Kila duka, waambie bachomeke mashine, bapike mbele yako. Papa Ananie mwenye nyumba amesema disjoncteur yetu, ile swichi ya kukata umeme, haibebe zaidi ya wati elfu moja na mia tano. Na courant, umeme wenyewe, ni moja kwa wapangaji wote. Umesikia?”

“Ndiyo, mama.”

“Hapana danganyika na rangi.”

Jokébed alikwenda pamoja na Shekinah, rafiki yake wa darasani. Katika duka la kwanza walikuta aina mbili. Ya kwanza iliitwa Étoile Bleue. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini Jokébed alipokwaruza kikapu chake kwa ukucha, rangi nyeusi ilibanduka. “Hii rangi itaingia mu chakula,” alisema, akairudisha. Ya pili iliitwa Kifaru. Ilikuwa ya kijivu, nene, yenye wati elfu moja na mia nne. Mama Falonne, mwenye duka, aliichomeka bila kunung’unika. Baada ya muda kuku alitoka ameiva mpaka mfupani, na viazi vilikuwa vikavu na vitamu.

Shekinah alikula kiazi, kisha akacheka. “Tamu iko. Lakini angalia sura yake! Kama ndoo ya kufulia. Mukiiweka kando ya barabara, batu batasema, ‘Angalieni badéplacés, hata mashine yabo imekimbia vita.’”

Jokébed alikusanya viazi vilivyobaki, wakatoka. Neno hilo la kuwaita waliohamishwa na vita alikuwa amelisikia mara nyingi tangu wafike Butembo, na halikuzoeleka.

Katika duka la pili kulikuwa na mashine iitwayo Malkia. Ilikuwa nyeusi, inang’aa, na mbele ilikuwa na kioo chenye taa ndani.

“Tunaomba kuijaribu,” Jokébed alisema.

Kijana muuzaji, aliyeitwa Mathe, alitikisa kichwa. “Hapana, dada. Carton ikifunguliwa, umenunua. Patron, mwenye duka, hataki. Tena hii ni wati elfu mbili na mia mbili. Kwenu courant iko na nguvu?”

“Iko,” alijibu Jokébed, macho yake kwenye kioo.

Aliporudi nyumbani, mama aliyaacha makaa, akafuta mikono.

“Ulijaribu zote?”

“Zote, mama. Malkia ndiyo nzuri kabisa.”

“Wati?”

“Elfu moja na mia nne.”

“Mungu ashukuriwe,” mama alisema. Kesho yake alikwenda kuinunua. Hakuuliza lolote dukani, kwa sababu mtoto wake alikuwa amekwisha kuuliza.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupika kuku wa sherehe ya ubatizo. Mvua ilikuwa imenyesha na baridi ilikuwa kali. Mama aliichomeka Malkia. Taa ya kioo iliwaka, kisha umeme ukakatika. Aliurudisha, ukakatika tena. Mara ya tatu ilisikika harufu ya plastiki ya disjoncteur inayoungua ukutani, na uwanja mzima wa wapangaji ukabaki bila umeme. Jokébed alijua sababu. Alikwenda kuleta makaa. Mama akarudi kwenye makaa, akakaanga kuku wote huku akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

Hakuna aliyemkumbuka Mama Bénite, jirani yao, aliyekuwa amekwenda Beni kwenye msiba. Chumbani mwake alifuga vifaranga chini ya taa ya umeme, maana baridi ya Butembo huua kifaranga upesi. Alikuwa akiwalea ili kumlipia mjukuu wake karo. Aliporudi jioni aliwakuta wamelundikana pembeni, wamekufa. Aliwatoa nje katika beseni, akaliweka katikati ya uwanja. Aliketi tu karibu nalo.

Jumatatu Mama Adèle alijitwika mashine kichwani, akaenda nayo dukani, na Jokébed akamfuata nyuma. Duka lilijaa watu.

“Wewe kijana!” mama alisema kwa sauti. “Umetuuzia kitu kibovu. Mimi ni mjane, mimi hapana na mutu wa kunitetea, lakini Mungu anaona! Batoto ba kuku ba jirani bamekufa bote!”

“Mama, mashine iko nzima. Wati elfu mbili na mia mbili zinahitaji courant ya nguvu,” alijibu Mathe. “Nilimwambia mutoto wako.”

“Usinidanganye! Mutoto wangu aliijaribu hapa hapa. Jokébed, waambie.”

Wateja wote walimtazama. Mama naye alimtazama, uso umejaa uhakika. Uhakika huo ndio uliomuumiza Jokébed kuliko macho yote.

“Sikuijaribu, mama,” alisema. “Kaka Mathe alikataa kuifungua. Wati aliniambia. Mimi ndiye niliyekudanganya.”

Mama aliinamisha kichwa, kisha akamgeukia yule kijana. “Unisamehe, mwanangu. Nimekutukana mbele ya watu bure.”

Patron alikataa kurudishiwa mashine iliyokwisha kufunguliwa. Mwishowe mteja mmoja kutoka Beni, ambaye umeme wa nyumbani kwake ulikuwa na nguvu, aliinunua kwa bei ya chini. Pengo la fedha mama alilijaza kwa kuuza kitenge alichovaa siku ya harusi yake. Safari hii alikwenda mwenyewe kwa Mama Falonne, akasimama mbele ya Kifaru mpaka kuku akaiva. Papa Ananie akafunga disjoncteur mpya. Jokébed alitumwa kwa Mama Bénite kufagia chumba cha kuku na kulea vifaranga wapya kila jioni baada ya shule. Moshi ulipungua nyumbani, na kikohozi kikaanza kupoa.

Siku moja Jokébed alimuuliza mama kama bado amekasirika.

“Nimekusamehe,” mama alijibu. “Mimi pia ninaomba kusamehewa kila siku. Lakini sikiliza vizuri. Ulikuwa macho yangu, mwanangu. Pale nisipoweza kusoma, wewe ulinisomea. Uliona aibu ya mashine mbaya kwa sura, ukaniletea aibu kubwa kuliko ile. Kusamehe kunaweza kuwa kwa siku moja. Kuaminiwa tena, hapana. Hiyo utaitafuta polepole, kwa kusema kweli hata mu vitu vidogo.”

Jokébed aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo, aliporudi kutoka kwa Mama Bénite, mama alimuuliza, “Umewawashia vifaranga taa?”

“Nimewasha, mama.”

Ilikuwa kweli. Mama alivaa kandambili zake, akatoka kwenda kutazama.