Kapu Mbele ya Madhabahu

Jumamosi ile soko la Barking, London, lilifurika watu, na dukani kwa Rasik chane ya mwisho ya ndizi mbichi ilikuwa imeshikwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Elinaja, binti wa Machame, ndani ya koti refu jekundu na kilemba cha kitenge cha kijani. Wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye skafu ya kijivu na macho ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Kaka, nimeanza mimi kuishika."

"Dada yangu, wewe umeigusa. Mimi ndiye niliyeishika."

"Mhaya wewe!" Elinaja alicheka. "Mbona hujatia Kiingereza bado, unaumwa?"

"Na wewe Mchaga. Utazipondaponda mpaka ziwe uji wa mgonjwa, halafu useme ni mtori. Dhambi hiyo!"

Rasik, Mhindi mzaliwa wa Moshi ambaye Kiswahili hakijamtoka hata chembe, akafanya kama Mfalme Sulemani, ila yeye alikata kweli. "Nusu kwa nusu! Sasa tokeni, mnanizibia wateja."

Wakatoka. Nje manyunyu yalikuwa yameanza, na kijana akaufungua mwavuli wake bila kuuliza. Aliitwa Telesphor, muuguzi kwenye nyumba ya wazee kule Thamesmead, na ndiko alikoishi. Elinaja alikuwa akiishi kwenye maghorofa mapya ya ukingoni mwa mto, upande wa Barking. Kwa hiyo kati yao palikuwa na Mto Thames, na daraja hakuna. Kumfikia mwenzako sharti upande boti mpaka Woolwich, kisha basi. Lakini mapenzi, jamani, yana akili zake. Jioni moja simu ikalia.

"Eli, uko dirishani?"

"Niko. Kuna nini?"

"Zima taa. Haya, washa. Zima tena!"

"Telesphor, una wazimu?"

"Nimekuona! Ghorofa ya tano, dirisha la pili kutoka kona! Mpenzi, nimekuona!"

Neno hilo, mpenzi, Telesphor alikuwa hajawahi kulisema. Ng'ambo ya maji meusi taa moja ndogo ikazima, ikawaka, ikazima, na Elinaja akaegemeza paji la uso kwenye kioo baridi.

Ikawa ndiyo desturi yao. Giza la vuli likiingia mapema, ukungu ukipanda kutoka mtoni, wanazungumza huku wakitazamana kwa taa. Wakati mwingine maneno yaliisha wakabaki kusikilizana wakipumua, na Elinaja alihisi jengo lote limeng'oka taratibu linaelea kuelekea Thamesmead. Alikuwa anampenda. Tena sana.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Ushirika wa Walutheri wa Kitanzania husali katika kanisa la kuazima pale Barking, saa za mchana, Waingereza wakishatoka. Siku hiyo kila mtu huleta sadaka ya chakula, na baada ya ibada hupigwa mnada. Ukinunua, mnadi anauliza, "Unampa nani?" nawe unataja jina. Na hapo pana jambo ambalo halikuandikwa popote ila kila Mlutheri wa pale analijua. Kijana akinunua kapu la binti akamrudishia binti yuleyule, ndiyo ametangaza uchumba hadharani, vigelegele. Telesphor, Mkatoliki wa Bukoba aliyekuja kumsindikiza mpenzi wake, angelijulia wapi?

Kapu la Elinaja lilijaa mayai, viazi na ndizi, na kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Telesphor alilipigania mpaka akalipata. Elinaja akainamisha uso, mashavu yakiwaka.

"Unampa nani, kijana wetu?"

"Nampa Marcelina."

Wanawake waliokwisha kuvuta pumzi ya kigelegele wakaimeza. Marcelina, msichana mgeni aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, alilipokea kapu huku akilia.

Wewe msomaji nikunong'oneze. Marcelina alikuwa amepoteza kazi palepale alipofanya kazi Telesphor, na siku hizo alishindia chai na mkate. Alimwapisha Telesphor asimwambie mtu. Naye Telesphor alilelewa na bibi aliyemfundisha kwamba Bwana Yesu hapendi sadaka yenye tarumbeta. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue.

Jioni ile simu ilikuwa moto.

"Kwa nini Marcelina?"

"Siwezi kukuambia, mpenzi. Niliahidi."

"Uliahidi! Una siri na mwanamke mwingine, unanitambia nayo?"

"Eli, niamini tu."

"Kumbe ulikuja kanisani kwetu kuchagua wanawake kama unavyochagua ndizi! Mnafiki mkubwa we! Hata hao wazee unaowaosha sijui kama wako salama mikononi mwako."

Telesphor akasema polepole, "Hilo la mwisho, Elinaja, hukupaswa kusema." Akakata simu.

Elinaja akashusha pazia. Wiki ya kwanza akangoja aombwe radhi. Wiki ya pili akangoja bado, kiburi kikimlisha na kumnywesha, na kila jioni alikaa gizani kusudi Telesphor asione taa. Moyoni aliumia, lakini kushuka hakutaka. Yeye ndiye aliyekosewa, au sivyo?

Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo ilikuwa zamu yake kusoma Injili. Alikwenda na kapu jingine la sadaka, akaliweka mbele ya madhabahu, akafungua Biblia. Somo lilikuwa maneno ya Yesu mlimani, kwamba ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, nenda ukapatane naye kwanza.

Maisha yake yote alikuwa amelisikia neno lile, na siku zote akidhani linawahusu waliomkosea. Kumbe Yesu hakuuliza nani alianza. Aliuliza tu kama kuna mtu mwenye neno juu yako. Na yuko, tena ng'ambo ya mto.

Alimaliza kusoma. Badala ya kurudi kitini akachukua koti lake jekundu.

"Elinaja, sadaka yako!" mama mmoja akanong'ona.

"Iacheni hapohapo, mama. Nitarudi."

Alipitia nyumbani, akafungua pazia, akawasha taa, akakimbilia gati. Boti ilimbeba katikati ya ukungu wa rangi ya maziwa, kisha basi, na kigiza kilikuwa kinaingia aliposimama chini ya ghorofa la Telesphor kule Thamesmead. Simu ikalia mkononi mwake.

"Eli?" Alikuwa Telesphor. "Umewasha taa."

"Nimewasha. Shuka, niko mlangoni kwako."

Alishuka pekupeku, na fulana tu kwenye baridi ile.

"Sikuja kuuliza habari za kapu," Elinaja alisema kabla hajaulizwa kitu. "Kaa na siri yako. Nimekuja kwa lile neno nililokutupia. Nilijua linakoumiza, ndiyo maana nikalichagua. Nisamehe, Telesphor."

Telesphor akamkumbatia, koti na kilemba na machozi yote pamoja.

Wakasogea mpaka ukingoni mwa maji. Ng'ambo, ghorofa ya tano, dirisha la pili kutoka kona, taa iliwaka peke yake ndani ya ukungu. Elinaja alikuwa hajawahi kuiona kutoka upande huu.

"Ndivyo inavyoonekana?"

"Kila jioni. Ilipozimika, niliendelea kupatazama."

Kisha akamgeukia. "Eli, umeme wa London ghali. Si bora tuwashe taa moja?"

"Mhaya, hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo. Nikitia Kiingereza utanicheka."

"Nakubali," alisema Elinaja. "Lakini kwanza vaa viatu. Tunarudi Barking, sadaka yangu bado iko madhabahuni."