Bandama ya Kezia

Jirani yangu Ransford ni mkulima wa vitunguu vya majani na tikiti maji. Hapa kitongojini Rocky Piece mvua ni ya kubahatisha, kwa hiyo kila wiki hukata majani makavu akayatandaza shambani ili udongo usikauke. Jioni huoga, hula, kisha huenda dukani kwa Clovis kucheza domino. Akishinda, huipiga kete mezani kwa kishindo mpaka mbwa wangu anabweka. Na hushinda mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye mdomo kama wake.

Mimi ni Una, mhudumu wa afya wa kitongoji hiki. Napita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito. Ndiyo maana najua mambo ya watu, hata yale ambayo ningependa nisiyajue.

Mwezi wa Machi, Shernette, mke wa Ransford, alijifungua mtoto wa kike. Wakamwita Kezia. Bi Icilda, mama yake Ransford, alifika siku hiyohiyo. Akamfunua mtoto, akamkagua ncha za masikio. Kwetu masikio ndiyo yanayosema mtoto atakuwa wa rangi gani.

"Weupe huu ameutoa wapi?" akauliza.

"Kwa bibi yangu," Shernette akajibu. "Nikuletee picha yake, Mama?"

"Picha ya nini? Nimeuliza tu."

Aliuliza tu, lakini Ransford alikuwepo, na alisikia.

Mtoto alipofikisha wiki sita, barua ikaja kutoka kliniki. Kila mtoto anayezaliwa hospitali huchomwa kisigino kidogo, tone la damu likapimwa. Niliwapeleka wote watatu. Nesi alisema bila kuzunguka kwamba Kezia ana selimundu.

"Chembe za damu yake hujikunja kama mundu," alieleza. "Zinakwama kwenye mishipa, ndipo maumivu huanza. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto hupokea sehemu kwa mama na sehemu kwa baba."

"Kwa baba?" Ransford akasema. "Mimi sijawahi kuugua hata jino."

Akachukua kofia yake, akatoka.

Kwa mama yake alipata maneno aliyokuwa akiyaogopa. "Damu yetu ni safi," Bi Icilda alimwambia. "Umevalishwa koti, mwanangu." Kuvalishwa koti, hapa kwetu, ni kulea mtoto wa mwanaume mwingine ukidhani ni wako. Mwanaume akitaniwa hivyo, hacheki.

Ransford akahamia kwa mama yake. Kila Ijumaa alileta viazi vikuu, akaviweka mlangoni na kuondoka. Hakumshika Kezia tena. Iliniuma sana, kwa sababu najua anavyopenda watoto.

Nami nilikuwa na hofu nyingine. Watoto wachanga wenye selimundu huweza kupata janga la ghafla. Bandama, kiungo cha tumboni kinachochuja damu, hunasa damu nyingi, ikavimba. Mtoto anapauka, analegea, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Kinga yake ni vidole vya mzazi. Kila siku unampapasa mtoto tumboni, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ukigusa kitu kigumu, unakimbia hospitali.

Nilimfundisha Shernette kwa dakika kumi tu.

"Nimeelewa, Bi Una," alisema. "Lakini Alhamisi na Jumamosi niko sokoni. Nani atampapasa? Mama mkwe anamshika kama anashika chungu cha moto."

Ndipo nilipokwenda dukani kwa Clovis. Wanaume wanne walikuwa mezani. Nikachukua kete mbili bila kuomba ruhusa.

"Bi Una, unatuharibia mchezo," Clovis alilalamika.

"Mchezo utawangoja. Ransford, hii nini?"

"Sita na mtupu." Upande mmoja ulikuwa na nukta sita, wa pili hauna kitu.

"Basi hiyo ni wewe. Kila mtu ana pande mbili kama kete, moja ya mama yake na moja ya baba yake. Sita ni upande mzima. Mtupu ni upande wa selimundu. Sita inatosha kukuweka mzima, kwa hiyo huumwi na hujui kama una mtupu. Na hii ya pili?"

"Sita na mtupu tena."

"Huyo ni Shernette. Kwa kila mimba, kila mmoja wenu anatoa upande mmoja, na hakuna anayechagua. Mtoto anaweza kupata nini?"

Ransford alizitazama kete. Kwa kete hakuna wa kumdanganya.

"Sita-sita," alisema polepole. "Sita na mtupu, njia mbili. Au mtupu-mtupu."

"Mara moja kati ya nne, mtupu-mtupu. Huyo ndiye Kezia."

"Na mtoto wa pili je? Maana huyu ameshaumaliza mtupu."

"Kila mimba mnachanganya kete upya. Kete hazikumbuki mchezo uliopita."

Ransford akazirudisha kete mezani.

"Nataka kipimo cha DNA," akasema.

"Kifanye. Ndani ya mwili wako kuna maandishi madogo uliyoyarithi, ndiyo vinasaba. Siku hizi wanaweza kuyasoma kwenye mate, wakajua mtoto ni wa nani. Lakini pima na damu. Hiyo haisemi mtoto ni wa nani. Inasema wewe umebeba nini."

Majibu ya damu yalitangulia. Ransford alikuwa mbebaji, sita na mtupu. Alikwenda mbio kwa Shernette, akasema hana haja tena ya DNA.

"Una haja," Shernette akamjibu. "Mimi silali na mtu mwenye neno labda kichwani. Fungua mdomo, wachukue mate."

Walichukua ya kwake na ya Kezia. Karatasi ilipokuja, ikithibitisha kuwa Ransford ndiye baba, Shernette aliibandika ukutani juu ya jiko, palepale mama mkwe anapokaa akija kunywa chai. Ransford alimwomba radhi mbele yangu. Shernette alimwambia amesikia. Kusamehe kulichukua wiki mbili zaidi, na sikumlaumu.

Jumapili moja Bi Icilda alikaa chini ya karatasi ile bila kugusa chai yake.

"Mama," Ransford alimwambia, "upande huu mtupu nimeurithi. Ama kwako, ama kwa marehemu Baba."

Bi Icilda alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Vassel. Alikuwa akilia mifupa inamuuma, mikono imevimba. Watu walisema pepo wanamchezea. Siku moja tumbo likajaa, akapauka. Alikufa kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na miaka mitatu." Akajifuta macho kwa aproni. "Nikasema damu yetu ni safi."

Shernette akasogeza kiti, akakaa karibu naye.

Ransford alirudi nyumbani, nami nikamfundisha kupapasa. Mwanzoni vidole vyake vilikuwa vizito, Kezia akawa anacheka kwa kutekenywa. Alimpapasa asubuhi kabla ya shamba, na jioni kabla ya domino. Alimpa pia penisilini kila siku, maana watoto hawa hushikwa na maambukizi upesi.

Alhamisi moja ya Oktoba, Shernette alikuwa sokoni. Kezia alikataa uji. Ransford alimlaza, akampapasa chini ya mbavu za kushoto. Vidole vikagonga kitu kigumu ambacho jana hakikuwepo. Alimtazama midomo, ilikuwa imepauka. Hakungoja mtu. Alimbeba hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza, lililokuwa limejaa makreti ya tikiti.

Hospitalini alisema maneno manne tu: "Ana selimundu. Bandama imevimba." Walimwongezea damu saa hiyohiyo. Daktari alituambia baadaye kwamba kama Ransford angechelewa mpaka mchana, wangekuwa wanazungumza naye habari nyingine.

Wiki tatu baadaye Kezia alikuwa kwenye mkeka, anang'ang'ana kutambaa. Nilipompima nilikuta amepungua nusu kilo tu. Binamu watatu wa Ransford walikuwa wameshapimwa damu, na mmoja wao alimpeleka mchumba wake pia. Bi Icilda aliingia, akavua kofia yake ya kanisani, akapiga magoti kwenye mkeka kwa shida.

"Nionyeshe," alimwambia mwanawe.

Ransford alimshika vidole, akaviweka tumboni kwa Kezia. "Hapa, Mama. Taratibu. Bonyeza kidogo akivuta pumzi."

Alibonyeza. Akajaribu tena.

"Sisikii kitu."

"Ndivyo tunavyotaka, Mama."

Hakuondoa mkono. "Vassel hakuna aliyemgusa hapa," alisema. "Hakuna aliyejua pa kugusa." Kisha akamwambia Shernette kuwa Alhamisi aende sokoni bila wasiwasi, atakuja yeye.