Blenda ya Kuazima

Kila asubuhi Yareli aliamshwa na mngurumo wa blenda, na kabla hajafumbua macho vizuri roho ilikuwa imeshaanza kumchafuka. Alijua kinachosagwa: majani ya mpungate, ule mmea wa miiba, pamoja na seleri, papai na mbegu za kitani. Vikishasagwa vilikuwa kijani kizito, vinavutika kama mlenda uliolala. Harufu yake ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini.

Mama yake, Eufrosina, alitia kidonge mdomoni, akakisukuma kwa glasi ya kinywaji hicho. Tezi yake ya shingoni ilikuwa mvivu tangu alipomzaa Yareli, na kidonge hicho alipaswa kukimeza kila siku. Ute wa kijani ukabaki juu ya mdomo wake. Yareli akageuza uso.

"Usinikunjie pua," mama alisema. "Hata mimi kinanishinda."

Blenda haikuwa yao. Ilikuwa ya jirani, Bi Tencha, au Doña Tencha kama wanavyomwita kwetu, aliyewaazima blenda pamoja na namba yake. "Kalori mia saba kwa siku, basi!" alisema. "Mimi nimekonda kwa hizohizo. Yareli ana kichwa cha hesabu, awe askari wako." Mama alikuwa amechaguliwa kumsimamia mtoto wa dada yake ubatizoni, na gauni la buluu alilotaka kuvaa halikufunga zipu.

Basi Yareli, msichana wa miaka kumi na miwili, akawa askari. Alipima maharage kwa kijiko. Alihesabu tortiya, ile mikate myembamba ya mahindi ambayo kwetu mjini Atlixco bila hiyo mtu hajala. Lakini mama hakukonda. Uso ulivimba, akavaa sweta wakati wenzake wanajipepea. Kila Yareli alipooga alikuta nywele za mama zimejikunja kwenye tundu la maji kama panya aliyekufa. Alizitoa kwa vidole viwili.

Doña Tencha alicheka, ameegemea mlango. "Wee Eufrosina, mwili haunenepi kwa hewa! Unakula kwa siri wewe."

Neno hilo likamwingia Yareli. Jioni akapekua jikoni, akakuta kipande cha tortiya chini ya kitambaa, kimeumwa upande mmoja.

"Mama, hii nini? Huoni hata haya? Unanitia kinyaa!"

 Mama alimtazama mwanawe, akakichukua kile kipande, akawatupia kuku.

Kesho yake mama alisinzia akiwa amesimama mbele ya kikaango. Yareli alisikia harufu ya kuungua, akadhani ni tortiya tu. Kumbe na vidole vya mama.

Kwenye zahanati, Daktari Obdulia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, alifunga vidole na kupima damu. Majibu yalipotoka, akakunja uso.

"Kidonge unameza kweli?"

"Kila siku, daktari."

"Unamezea nini?"

Mama akainama kwa aibu. Yareli aliona kwamba kama hatasema yeye, hakuna atakayesema.

"Anamezea ile ya kijani. Ya mpungate na mbegu za kitani. Na mimi ndiye ninayemhesabia chakula, kalori mia saba. Jana nilimwambia…" Akavitazama vidole vya mama vilivyofungwa. "Nilimwambia ananitia kinyaa."

"Mia saba? Mtu mzima anayesimama jikoni kutwa? Hicho chakula cha kasuku! Nani kawapa namba hiyo?"

"Jirani," Yareli alisema. "Pamoja na blenda."

Daktari akashusha pumzi. "Mama, ule ute unakinasa kidonge tumboni, mwili haukipati; ndiyo maana unavimba, unahisi baridi na nywele zinakunyonyoka. Meza kwa maji matupu, hujala kitu, usubiri saa nzima ndipo unywe kahawa na kula. Baada ya wiki sita tupime damu tena. Uvimbe mwingine ni maji tu, tezi ikiamka utapungua. Namba ya chakula tunaipanga hapa, kwa urefu wako, uzito, umri na kazi zako. Wewe uanze na elfu moja na mia sita, tuone mwili unasemaje. Na huyu askari apumzike."

Nyumbani, Yareli aliosha blenda. Ukoko wa kijani ulikuwa umeganda chini ya visu, akaukwangua kwa kucha huku akitema mate. Kisha wakairudisha pamoja.

"Mmeshindwa mapema!" Doña Tencha alisema. "Na gauni je?"

"Gauni litafumuliwa mishono, liongezwe kitambaa," mama alijibu. "Asante kwa blenda, jirani. Hiyo huazimwa. Namba ya mwili wa mtu haiazimwi."

Njiani Yareli akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikia, mwanangu. Ukimwona mtu hakondi, usikimbilie kumwita mwizi wa chakula. Huenda anaumwa. Muulize kwanza, kisha mpeleke kwa anayejua."

Wakati wa kula, Yareli alimwekea mama tortiya ya moto. Aliiweka nzima, katikati ya meza, si chini ya kitambaa.