Santuri ya Tatu ya Mulilo

Santuri haiongezi neno. Kilichochongwa humo ndicho kitakachotoka, leo na miaka ijayo. Ndiyo maana Othmani, aliyeisikiliza albamu ya tatu ya bendi ya Mulilo tangu hajaota ndevu, alipomsikia mwimbaji akiita mara ya pili, aliilaumu sindano kwanza.

Mulilo ni moto kwa Kibemba, na ndilo jina waliloichagulia bendi yao vijana wa migodi ya shaba ya Zambia, enzi zile za suruali pana miguuni na magitaa ya kupasua masikio. Santuri zao zilivuka mpaka na madereva wa malori, na Tunduma ikawapenda kuliko kwao walikozaliwa. Mpaka leo wana mashabiki hapa. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, walikutana katika stoo iliyo nyuma ya duka la vipuri la Othmani, wakaketi juu ya matairi wakisikiliza na kugombana. Wengi waligombana kwenye WhatsApp tu, lakini wawili hawakukosa stoo: Mzee Zebedayo, Mnyiha mkulima wa kahawa kutoka Ihanda, na Mama Restuta, mwenye mgahawa kando ya maegesho ya malori.

Zebedayo alikuwa mtu wa albamu ya kwanza, Restuta wa ile ya pili. Ya nne wote waliitemea mate, kwa sababu mwimbaji wao Chanda hayumo. Aliacha kuimba ghafla, na kwa nini, hakuna shabiki aliyejua. Ya tatu ndiyo iliyowanyamazisha wote. Ilirekodiwa ndani ya shimo la mgodi uliotelekezwa, bendi ikitafuta mwangwi. Mwisho wa wimbo wa mwisho magitaa hunyamaza, na Chanda huita kwa Kibemba, "Mwe bantu, muli kwi?" Nyie watu, mko wapi? Hapo shabiki wa Mulilo, awe msibani au njiani, hujibu kwa sauti, "Tuli pano!" Tupo hapa. Asiyejibu si mwenzao.

Jumapili moja walijibu kama kawaida. Kisha ile sauti ikaita tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani.

"Zebedayo, uli kwi?"

Stoo ikajaa harufu ya matope ya chini kabisa ya kisima, na ladha ya shaba ikawakaa ulimini, mithili ya sarafu iliyowekwa mdomoni. Mtu mwenye akili zake angekimbia na kuacha viatu. Lakini shabiki ni shabiki.

"Hii ni chapa nyingine," Restuta alinong'ona. "Hii chapa hatujawahi kuisikia."

"Mbona ni ileile ya siku zote?" Othmani akasema.

Zebedayo hakuwasikia. Alivua kofia, machozi yakimlengalenga, akasimama kama aliyeitwa kanisani. "Ndi pano," akajibu. Nipo hapa.

Kulipokucha hakuwa na sauti. Wanawe walimpeleka hospitali, daktari akamulika koo, akakuta koo zima. Jumapili iliyofuata mzee alikuja hivyohivyo, akaketi kwenye tairi lake. Santuri ilipofika kwenye kiitikio, nyuma ya sauti tatu za akina Chanda waliisikia sauti ya nne, nzito, yenye lafudhi ya Kinyiha. Zebedayo alifumbua mdomo, akaushika kwa mikono miwili, akalia pasipo kutoa hata mkwaruzo.

"Ameingia kwenye albamu," Restuta alisema, na aibu kubwa ni kwamba alisema kwa kijicho. Sauti ilipomwita yeye, alijibu kabla haijamaliza.

Othmani naye aliumia, lakini si kwa kuwahurumia wenzake. Nani aliyeifuta vumbi santuri ile miaka yote? Nani aliyeifunga kwa shuka wakati nyumba inavuja, watoto wa watu wakilowa? Leo wanaitwa wageni, mwenyewe anapitwa. Aliona wivu, na wivu wa mtu mzima unanuka kuliko jini.

Nyumbani alikuwa na mke, Sabra, na mtoto mmoja, Fauzia. Mungu alimpa mtoto yule sauti ya kusoma Kurani ambayo ilimfanya hata utingo wa lori azime redio. Ustadhi Habibu, mwalimu wake wa madrasa, alikuwa akimwandaa kwa mashindano, na Sabra hakuwa na fahari nyingine duniani. Jioni moja Sabra alimfuata mumewe uani, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Baba Fauzia, mtoto anaitwa."

"Anaitwa na nani?"

"Ameniuliza, mama, yule babu wa stoo akiniita niitike? Nimemwambia stoo hakuna babu. Akaniambia yupo, ila bado hajalijua vizuri jina langu." Sabra alimshika mkono. "Nywele zake zinanuka matope. Nimeziosha, zinanuka bado."

Tangu hapo Fauzia alikatazwa kuitika wito wowote, hata wa mama yake. Akiitwa aje kimyakimya. Ustadhi Habibu akaletwa. Alisikiliza mkasa mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Huyo Chanda, baada ya santuri hii aliimba tena?"

"Hakuimba."

"Na nyie hamkujiuliza?"

"Tulijiuliza kila Jumapili," Othmani alisema.

Ustadhi alitikisa kichwa. "Waliita shimoni, wakaitikiwa na mwenye shimo. Jini huyo hana sauti yake, anaokota za watu. Alianza na huyo mwimbaji. Mwenye santuri aitie motoni kwa mkono wake mwenyewe, nami nisome kuufunga mlango. Sauti zitatoka kabla haujafungwa. Lakini iwe ndiyo yenyewe, Othmani."

Zebedayo na Restuta walikuja kusubiri sauti zao. Moto uliwashwa uani, ndani ya nusu pipa, jua likiwa bado juu. Othmani aliingia stoo kuichukua santuri, akaitoa kwenye jalada lake, akaigeuza kwenye mwanga, haina hata mchubuko, akashindwa kuondoka nayo, kwa sababu chapa kama ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo Tunduma nzima, pengine hata Zambia yenyewe, na kando yake, kwenye rafu, ilikuwepo ile ya nne, takataka isiyopendwa na mtu, nyeusi vilevile, duara vilevile. Kisomo kitatosha, alijiambia. Jini atamwogopa Mungu, hatahesabu santuri. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alitoka na jalada la tatu likiwa na santuri ya nne tumboni, akalitupa lote motoni. Ustadhi alisoma. Plastiki ilijikunja, moshi mweusi ukapanda. Zebedayo alifumbua mdomo. Restuta alifumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Ndiyo yenyewe?" Ustadhi aliuliza.

"Wallahi ndiyo yenyewe."

Ustadhi alimalizia kisomo. Huwezi kumkatalia mtu aliyeapa kwa Mungu mbele ya mtoto wake. Sabra alimkumbatia Fauzia, akalia kwa furaha, akamwambia maneno ambayo mama yeyote angemwambia. "Yamekwisha, mwanangu. Sasa ukiitwa, itika."

Kesho yake alasiri Othmani alijifungia stoo. Aliiweka santuri, akapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono, akainamisha sikio. Alitaka kuitwa mara moja tu, na wala asingejibu, alijiapia, angesikia jina lake kwenye kinywa cha Chanda halafu basi. Kiitikio kilipita, Zebedayo yumo, Restuta yumo. Magitaa yakanyamaza. Harufu ya matope ikaja, nzito kuliko siku zote, ikamjaa puani na kooni, na kwenye ile sauti inayotafuta gizani Othmani alisikia pumzi ikivutwa, pumzi ya kitu kisichokuwa na kifua, ikavutwa mpaka akadhani haitakwisha.

"Fauzia, uli kwi?"

Nje ya mlango, kwa adabu zote alizofunzwa, mtoto aliitika.

"Abee. Nipo hapa."

Othmani aliurukia mlango. Fauzia alikuwa amesimama na juzuu yake kifuani, akimtazama, midomo ikicheza, sauti hakuna.

Aliungama yote usiku huo mbele ya Sabra na Ustadhi, akipiga magoti. Alitaka kuivunja santuri palepale kwa spana. Ustadhi Habibu ndiye aliyemshika mkono, na uso wake haukuwa na huruma hata chembe.

"Mlango niliufunga jana kwa kiapo chako. Niliufunga wao wakiwa ndani, na sasa unaingiza tu, hautoi, kama ulivyomwingiza mwanao. Ukiivunja sasa, unawavunja wao."

Basi haivunjwi. Alasiri hizi Sabra huja stoo, huketi kwenye tairi, humpakata mwanawe, na kusema neno moja tu kwa mumewe: "Iweke." Othmani huweka. Kwenye kiitikio sauti ya mtoto hupanda juu ya zote, safi, na Fauzia hufuatisha kwa midomo mapajani kwa mama yake. Kabla ya wito Othmani huwahi kuinyanyua sindano. Mashabiki wa WhatsApp waliorushiwa kipande wameandika kwamba hawajapata kusikia albamu nzuri kama hiyo.

Jana Sabra aliuzuia mkono wa mumewe.

"Iache imalize."

"Mama Fauzia, usifanye hivyo."

"Mwanangu yuko huko peke yake na watu wazima asiowajua. Iache."

Magitaa yalinyamaza. "Sabra, uli kwi?"

"Abee," alisema Sabra, polepole, kama anayemfungulia mlango mgeni aliyekuwa akimsubiri. "Nipo hapa."

Othmani alipiga magoti mbele ya gramafoni. "Ndi pano," alisema. Akasema tena. Akapiga kelele mpaka majirani wakatoka, ndi pano, ndi pano, lakini hakuna aliyekuwa amemwita. Sindano ilifika mwisho, ikabaki inakwaruza. Mke na mtoto walisimama, wakashikana mikono, wakatoka pasipo kumwangalia, na katika nyumba ile mwenye sauti sasa ni yeye peke yake.