Matofali ya Wapya wa Januari

Kila asubuhi, kabla kengele ya misa haijagongwa, Irakoze alikuwa amekwisha kufika uwanjani kugeuza matofali ili yakauke pande zote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye ndiye kiranja wa matofali wa Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Klemensi, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Cheo hicho alitembea nacho kifua mbele, utadhani ameteuliwa kuwa mkuu wa wilaya.

Shule ilianza miaka minne nyuma, ndani ya stoo ya mahindi ya parokia. Bruda Felisiani alikusanya wavulana kumi na mmoja walioacha masomo kwa sababu ya kuchekwa. Nyumbani walizungumza Kiha au Kirundi, na Kiswahili kiliwakwama kooni. Bruda hakuwacheka. Aliwapa daftari, uji na kalibu ya kufyatulia matofali. Tangu hapo ikawa desturi kwamba kila darasa hufyatua matofali ya wale watakaolifuata. Sasa wavulana walikuwa tisini, na vyumba vitatu vilikuwa vimesimama. Cha nne kilikuwa cha wapya thelathini wa Januari, na katika orodha yao lilikuwamo jina la Niyubahwe, mdogo wake Irakoze.

Lakini wiki ya kuchoma tanuru kulikuwa na mashindano ya mpira, na Irakoze ndiye golikipa. Kwa siku nne hakugusa matofali yaliyoanikwa upande wa migomba, ambako jua halifiki vizuri. Alhamisi akaja Fundi Dadi, mchomaji wa tanuru. Tofali la kupimwa huchaguliwa na kiranja, maana yeye ndiye anayeyajua matofali yake.

"Kiranja, niletee moja," alisema fundi.

Irakoze alikwenda moja kwa moja upande wa jua. Fundi Dadi alilivunja tofali na kulitazama katikati. Lilikuwa kavu kabisa.

"Yote yako hivi?"

"Yote, fundi. Tayari," alijibu Irakoze, macho yakiwa chini.

Siku mbili zikapita kwa kupanga tanuru. Jumamosi asubuhi kuni zilikuwa zimeshindiliwa mdomoni mwake, Bruda amekwisha kusali, na wavulana wamezunguka wakiimba. Irakoze hakuimba. Alijua kwamba tofali bichi hupasuka motoni, na kuni za kuchomea tanuru la pili hazikuwapo. Mvua nazo zilikuwa karibu. Tanuru likiharibika, wapya wangeambiwa wasubiri mwaka mwingine, na Niyubahwe angebaki nyumbani akichunga mbuzi. Aliona aibu, tena aliogopa sana.

Fundi Dadi aliwasha njiti, upepo ukaizima. Akawasha ya pili.

"Oya! Usiwashe, fundi!" Irakoze alipiga kelele. "Bado mabichi! Sikuyageuza ya upande wa migomba. Nilikuchagulia zuri makusudi."

Nyimbo zilikatika. Fundi alichomoa tofali moja kutoka ndani, akalivunja. Katikati lilikuwa jeusi kwa unyevu.

"We Irakoze!" alifoka Sylvesta, rafiki yake. "Siku mbili tumebeba, mikono imechubuka, wewe umekaa kimya tu?"

Bruda Felisiani alikunja mikono ya kanzu yake.

"Kugombana hakutayakausha," alisema. "Tunalibomoa tanuru. Irakoze, wewe unaanza, na wewe ndiye utakayemaliza."

Walilibomoa hadi jioni. Kwa siku kumi na mbili Irakoze aliyageuza matofali asubuhi na alasiri, mpira akauaga. Siku ya tatu Sylvesta alikuja kumsaidia, bado amenuna, lakini alikuja. Safari hii tanuru lilipochomwa, matofali yalitoka mekundu, na ukiyagonga yanalia. Kuta zilipanda, na bati la mwisho lilipigiliwa siku moja kabla ya mvua kubwa.

Januari wapya thelathini waliketi ndani ya chumba chao, huku wakubwa wakichungulia madirishani. Bruda alisimama mbele.

"Wanangu, chumba hiki kipo kwa sababu mvulana mmoja alisema 'bado' wakati sisi sote tulitaka kusikia 'tayari'. Alikosea, kisha akasema kweli mbele ya watu, wakati kweli hiyo ingali inaweza kuokoa kitu. Ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, wanaoumia ni wenzako."

Walipotoka, Niyubahwe alimkimbilia kaka yake.

"Kaka, huyo aliyesema 'bado' ni nani?"

Irakoze alitazama kuta, kisha akamtazama mdogo wake.

"Ni mimi," alisema. "Na aliyedanganya kwamba ni tayari, huyo naye ni mimi."